Meli Iliyopita Miltenberg

Nyinyi mnaopanga safari kwa kidole gumba mmeniomba nije niwaeleze kazi niliyoifanya kabla simu zenu hazijajifunza kuifanya. Kiongozi wenu wa vijana aliniambia, "Anti Wakio, uwatie moyo." Nilimjibu kwamba kuja nitakuja, ila habari ya moyo sikuahidi. Najua nusu yenu mtanielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Hilo halinisumbui, mradi msikilize.

Nilikuwa wakala wa safari. Ofisi yetu ilikuwa Soho Road, Handsworth, hapa hapa Birmingham, katikati ya duka la vitambaa vya sari na duka la Mjamaika aliyeuza viazi vikuu na samaki wa chumvi. Nilifika pale nikitoka kwenye kazi ya kutunza wazee, mgongo umeniuma mpaka siwezi kufunga viatu, nikaona tangazo mlangoni kwamba anatakiwa mtu wa kupokea simu. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Balbir, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtoto wa fundi wa reli. Alisoma jina langu kwenye karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili nimetoka upande gani wa Taita. Nilikaa kitini kabla sijakaribishwa. Kuanzia siku hiyo tukawa tunaongea Kiswahili ofisini, hasa mteja alipokuwa msumbufu na amekaa mbele yetu.

Yeye ndiye aliyenifundisha safari za mitoni. Waingereza waliostaafu walikuwa wameanza kuzipenda siku hizo: Rhine, Main, Danube, Mosel, meli ndefu nyembamba inayolala mji huu leo na mji ule kesho, makanisa ya kale, mabonde yenye mizabibu pande zote mbili. Mimi nilidhani kazi ni kusifia meli.

"Wakio, usiuze meli," Mzee Balbir aliniambia. "Meli zote ni hoteli nyembamba tu. Uza mto. Hii mto ndiyo mkubwa wa meli, mkubwa wa kapteni, mkubwa wa wewe na mimi."

Alinitandikia ramani mezani, akanionyesha kwa kalamu. Kabla kiangazi hakijaanza theluji ya milimani inayeyuka, maji yamejaa, na meli haipiti chini ya madaraja. Mwishoni mwa kiangazi maji yamekauka, na meli inagusa mchanga. Ikitokea moja kati ya hayo, abiria wanapakiwa kwenye basi na kuzungushwa kwa barabara. Nilikuwa na mume na mke wa hapa Handsworth, wazee wa Kijamaika, waliojiwekea akiba miaka mingi wauone Danube. Waliviona vituo vya mafuta vya barabara kuu, kimoja baada ya kingine. Yule mama alirudi na picha nzuri sana za vituo hivyo, akaniletea nizitazame zote.

Mengine niliyajifunza mwenyewe. Ukimpangia mzee mwenye fimbo, uliza kwanza mji una mawe ya namna gani barabarani. Vyumba vya chini kabisa ni vya bei nafuu, lakini dirisha liko sawa na maji na bata watakutazama ukivaa soksi. Na usimwahidi mtu mandhari ya asubuhi, kwa maana meli hufungwa gati mbili mbili. Unafungua pazia ukitarajia kasri, unamkuta Mjerumani wa meli ya pili anapiga mswaki.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha Mzee Balbir ni hili: "Mteja akisema anataka kuona kasri, wewe muulize anaenda na nani, au anamfuata nani. Hakuna mtu anasafiri kwa sababu ya mawe."

Sasa niwaeleze ya Mama Nsimire. Ni huyu huyu mnayesali naye hapa. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Baambie."

Aliingia ofisini katikati ya miaka ya elfu mbili, siku ya mvua, amevaa fulana ya kampuni ya usafi. Alikaa Shard End na kufagia maghala ya Washwood Heath, karibu na kile kiwanda cha magari ya vani ambacho siku hizo bado kilikuwa na watu. Alikuwa bado kijana, mwembamba, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini. Akasema anataka kwenda Ujerumani.

"Kwa ndege?" nikamuuliza.

"Kwa njia yoyote, Mama. Dada yangu iko kule. Miye nataka tu kumuona na macho."

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza habari za huyo dada.

Vita vilipoingia Bukavu, kwao Kongo, Nsimire alikuwa amelazwa hospitalini. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana anayeitwa Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno. Dada yake mkubwa, Bahati, alimchukua mtoto mgongoni akakimbia naye kwa njia ya Uvira. Nsimire alibebwa na watu wengine upande mwingine. Miaka ilipita kabla ndugu hao wawili hawajapatana kwa simu, mmoja akiwa hapa Birmingham, mwenzake akiwa kwenye hosteli ya wakimbizi Ujerumani. Na kila Nsimire alipouliza habari za mtoto, Bahati alimjibu jibu lile lile: "Nilimuachaka kwa batu. Tutaongea siku tutaonana." Watu gani, na wa mji gani, hakusema.

"Mambo ingine haisemeke mu simu," Nsimire aliniambia, kama anayemtetea. "Labda hao batu banataka mutoto abakie kwabo, dada anaogopa kuniambia. Nikijua majina yabo, nitaandikia kanisa la Uvira, batabatafuta."

Nilimuuliza kwa nini Bahati asije yeye. Alinieleza jambo ambalo sikulijua. Bahati alikuwa bado anangoja kujibiwa ombi lake la ukimbizi, na huko, mtu wa namna hiyo alifungiwa katika wilaya aliyopangiwa. Kuvuka kwenda hata mji wa jirani kulihitaji kibali, na akikamatwa bila kibali, jambo hilo linahesabiwa dhidi yake. Kumwalika mgeni hakuweza, kwa sababu hakuwa na nyumba. Nsimire naye hakuwa na pasipoti. Alikuwa na kile kitabu cha kusafiria cha wakimbizi, na alihitaji viza. Alikuwa ameshaomba mara moja, akaeleza kwamba anakwenda kumwona dada yake hosteli, akanyimwa.

"Dada yako yuko mji gani?"

Alilitamka vibaya, nikamwomba aliandike. Miltenberg.

Nililijua jina hilo. Nilivuta brosha zote tulizokuwa nazo za mto Main, nikazimwaga mezani. Meli nyingi hazisimami Miltenberg, zinasimama Wertheim, mji wa mbele kidogo. Kwa mtalii ni mamoja. Kwa Bahati, Wertheim ilikuwa jimbo jingine, na mpaka ule ambao nyinyi msingeuona mkipita kwa gari, kwake ulikuwa ukuta. Nilipekua mpaka nikaipata kampuni moja ndogo ambayo meli yake ilipanda kutoka Cologne hadi Nuremberg na kusimama Miltenberg kuanzia chakula cha mchana hadi jioni. Nilisoma mara mbili. Mchana mzima, bandari yenyewe ndani ya wilaya, dada mmoja anashuka kwenye meli, mwenzake anamngoja gatini, wanatafuta benchi, wanaongea mpaka wachoke.

Na mtalii aliyelipia chumba, mwenye meli inayoanza siku inayojulikana na kumalizika siku inayojulikana, na barua ya mwajiri kwamba anamngoja kazini, huyo ofisi za viza humwelewa. Hatukudanganya popote. Akina mama wa kanisa walimsaidia, naye akafanya zamu za watu wawili. Viza ikatoka. Aliileta ofisini akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Mzee Balbir aliuliza swali moja tu. "Mwezi gani?"

"Wa nne. Ndiyo likizo pekee aliyopewa."

Akaitazama ramani. "Theluji," akasema.

"Najua, Mzee."

Kampuni za meli zilikuwa na desturi ya kumpa wakala nafasi moja akaijue meli kabla ya kuiuza. Nafasi hiyo ilikuwa ya Mzee Balbir. Alichukua simu akabadilisha jina. "Nenda wewe," akaniambia. "Mimi nimeona makasri mingi. Maji ikiwa mbaya, huyu mama asiwe peke yake."

Ndivyo nilivyojikuta chumba kimoja na Nsimire, chini kabisa, kwa wale bata. Alikuwa amekunja nguo zake nzuri na kuziweka juu ya kitanda asizivae, anazitunzia Miltenberg. Mezani tulipangwa na mume na mke wastaafu kutoka Solihull. Bi. Margaret alikuwa mwalimu zamani, mtu mwema, alitueleza historia ya kila mnara. Tulipita lile bonde la Rhine ambalo watu huvuka bahari kuja kuliona, kasri juu ya kila mwamba, mizabibu imeshikilia miteremko kama ngazi. Abiria wote walikuwa juu na kamera. Nsimire alikuwa anatazama maji. Kila mji ulipotokea, aliniuliza polepole, "Hii njo Miltenberg?"

"Bado," nilimjibu. "Hatujauacha hata mto huu."

Mvua ilianza kabla hatujaufikia mto Main. Haikuwa mvua ya kutisha, ilikuwa ile ya kudondoka tu bila kukata, lakini huko milimani ilikuwa inanyesha juu ya theluji. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kubeba matawi. Tulipofika mdomo wa Main, mto ulikuwa umefungwa, hakuna chombo kinachoruhusiwa kupita. Tukafungwa gati, tukangoja. Abiria walicheza karata. Nsimire alikaa sebuleni karibu na dirisha akiangalia jiwe moja la ukutani ambalo baharia mmoja alikuwa amemwambia kwamba likionekana lote, tutaondoka.

Lilionekana. Tukaondoka, lakini nyuma ya msururu wa majahazi ya mizigo, na kwenye kila loki tukapanga foleni. Loki mjue ni nini, kwa maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Ni kisima kirefu cha saruji chenye milango miwili. Meli inaingia chini, mlango unafungwa nyuma, maji yanaingizwa, na meli inapanda polepole kama mtu anayeinuliwa na lifti, mpaka inakuwa sawa na mto wa juu. Ndipo mlango wa mbele unafunguliwa. Nafasi ni finyu kiasi kwamba abiria anaweza kuugusa ukuta kwa kiganja.

Siku ambayo tungesimama Miltenberg, wakati wa kifungua kinywa, msimamizi wa abiria alishika kipaza sauti. Alikuwa Mholanzi, jina lake Anneke. Akasema tumepoteza muda mwingi, mabasi yanatungoja Würzburg, na kwa hiyo tutapita Miltenberg bila kusimama, samahani sana. Watu walinung'unika kidogo. Halafu mayai yakaletwa.

Nsimire hakuwa ameelewa Kiingereza cha kipaza sauti. Alinigeukia. Nilimwambia. Aliweka kijiko chini kwa uangalifu kando ya kikombe, akasema, "Lakini iko mu karatasi."

Ilikuwa katika karatasi. Na chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, iko pia haki ya kampuni kubadili bandari wakati wowote kwa sababu ya mto. Mimi nilikuwa nimeshawasomea wateja wengi maneno hayo bila sauti kubadilika.

Nilimfuata Anneke. Nilimweleza yote, habari za dada, wilaya, mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kwa kapteni, akarudi macho yakiwa chini.

"Gati la Miltenberg limefunikwa na maji," akasema. "Hata angetaka kusimama, hana pa kumshushia mtu."

"Loki ya mwisho kabla ya Miltenberg iko wapi?"

Akanitazama. "Kleinheubach. Karibu kabisa na mji."

"Iko ndani ya wilaya hiyo hiyo?"

"Iko."

"Dada yake akisimama juu ya ukuta wa loki, tutamfikia?"

Alifikiri. Akasema sitaha ya juu imefungwa kwa sababu ya madaraja, lakini anaweza kutufungulia mlango wa ubavuni, pale abiria wanaposhukia. Kushuka hakuruhusiwi. Kusimama mlangoni, yeye hataona.

Tulimpigia Bahati kwa simu yangu. Waliongea kwa lugha ya kwao. Nsimire alikuwa anarudia neno Kleinheubach kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka. Bahati alisema anatoka sasa hivi kwa miguu. Njia ya kandokando ya mto ilikuwa imezama, atazungukia barabarani.

Tuliingia lokini baada ya saa sita mchana. Mvua ilikuwa imekatika. Tukasimama kwenye mlango ule wa ubavuni, mimi na Nsimire, amevaa nguo zake nzuri, na mbele ya pua zetu ukuta tu, mweusi, unachuruzika maji. Hatukuona kitu kingine. Mlango wa nyuma ukafungwa na meli ikaanza kupanda. Ukuta ukawa unashuka mbele yetu. Kisha tukaona viatu. Viatu vya plastiki vya bluu, vimejaa matope. Halafu sketi, halafu mikono, halafu mwanamke mnene kidogo, mwenye uso wa Nsimire lakini wa mtu mzee, anahema kwa mbio.

Walishikana mikono kabla meli haijamaliza kupanda. Bahati alipiga magoti ukutani ili amfikie. Hawakupiga kelele. Walianza kwa lugha ya kwao, wanasemeshana wote kwa pamoja, na mimi nikarudi nyuma hatua chache niwaachie nafasi, nikiwaza kwamba tumefaulu. Nawaambia ukweli, niliwaza hivyo. Niliwaza hata jinsi nitakavyomsimulia Mzee Balbir.

Kisha Bahati akageukia Kiswahili. Labda kwa lugha ya mama yao neno lile lilikataa kutoka.

"Nsimire. Hakuna batu."

"Batu gani?"

"Batu wa Neema. Hakukuwa batu. Nilikudanganyaka. Mutoto alikufaka mu njia, na homa, mbele hatujafika Uvira. Nilimuzika na hii mikono."

Nsimire alivuta mkono wake. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliutoa kama unavyoutoa mkono kwenye maji ya moto, kabla hujajua kwamba ni moto. Akaushika kwa mkono wake mwingine, kifuani, akawa anamtazama dada yake.

Mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguliwa. Meli ikasogea. Bahati aliinuka akatembea sambamba nasi ukutani, ananyoosha mkono, anaita, "Nsimire, sema kitu. Nsimire." Alitembea mpaka ukuta ukaisha kwa uzio wa chuma. Pale akasimama. Nsimire alikuwa bado ameushika ule mkono kifuani.

Bi. Margaret alikuwa amewaona kutoka dirishani. Alikuja akamshika Nsimire bega, machozi yakimlenga, akasema ni jambo zuri kweli kukutana na ndugu safarini namna hii. Nsimire akamwambia asante.

Muda si mrefu mji ukatokea, nyumba nzuri za mbao na chokaa zimepangana chini ya kilima, mabenchi ya kando ya mto yamezama, yanaonekana migongo tu. Kipaza sauti kikaanza kueleza nyumba hizo zilijengwaje. Nsimire akaniuliza, "Hii njo Miltenberg?"

Nikamwambia ndiyo.

Safari ilikuwa bado na siku zake. Hilo sijawahi kumweleza mtu vizuri. Ukiwa na msiba nyumbani, watu wanakuja, wanakaa, wanapika. Sisi tulikuwa ndani ya meli ya watalii. Würzburg tulipelekwa kuona jumba la maaskofu wa zamani lenye dari iliyochorwa, na mwongozaji akatuomba tuinue vichwa. Nsimire aliinua kichwa na wengine. Bamberg tulionjeshwa bia yenye harufu ya moshi. Mezani walituletea menyu kila jioni na alitakiwa achague. Mimi nilimchagulia.

Chumbani ndipo alipoongea, amekaa kitandani, ameelekea ukutani. "Mama Wakio, miye simukasirikii dada. Alimubeba mutoto wangu mpaka mwisho. Miye nilikuwa nimelala mu hospitali, yeye alichimba kaburi na mikono. Namukasirikia juu ya nini?"

"Basi mpigie umwambie hivyo."

"Napiga. Hashike."

Alipiga tukiwa Würzburg, akapiga tena tukiwa Bamberg. Simu iliita na haikupokelewa. Tulipofika Nuremberg ilikuwa imezimwa.

Turudi hapa Birmingham. Mzee Balbir alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Hakusema neno la hekima, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema, "Tafuta namba ya hosteli." Tuliipata, na baada ya kupiga mara nyingi tukampata mwanamke wa Togo aliyekuwa akilala chumba kimoja na Bahati. Alisema Bahati alirudi kutoka mtoni siku ile akiwa na matope mpaka magotini, akakaa bila kula, na baada ya siku chache akachukua mfuko wake akaondoka. Wengine walisema kavuka kwenda Ubelgiji. Wengine walisema kakamatwa na polisi kwenye treni. Ombi lake la ukimbizi, kwa kuondoka vile, lilikuwa limekwisha.

Nsimire alikuja ofisini akavua koti, akakaa kwenye kiti kile cha wateja. "Nipangie tena," akasema. "Sitaki kushuka. Nataka nipite tu hapo alipo, nimuambie neno moja."

Nimewahi kupanga safari ngumu. Nimempangia kipofu, nimempangia mama aliyebeba majivu ya mumewe, nimewapangia ndugu wawili wasioongea walale ncha mbili za meli moja. Lakini safari huanzia mwisho. Unaanza na mahali mtu anapokwenda, halafu unarudi nyuma mpaka mlangoni kwake. Mimi sikuwa na mahali. Niliandikia makanisa ya Wakongo Brussels, Liège, Paris, Lille. Niliwapigia wateja wangu wa zamani waliokuwa na jamaa huko. Mara mbili tuliambiwa kuna Bahati, na mara mbili akawa Bahati mwingine. Nsimire aliomba viza tena, akaulizwa anakwenda wapi, akasema hajui. Mnaweza kukisia jibu.

Wakati huo ndipo biashara nayo ikaanza kufa. Watu waliingia, wakauliza maswali yote, wakachukua brosha, wakaenda nyumbani kubuki kwenye kompyuta. Mzee Balbir alivumilia miaka michache, macho yakapungua, akauza duka na kwenda kukaa kwa binti yake Leicester. Alifia huko. Mimi nilirudi kutunza wazee mpaka nilipostaafu, na kati ya wazee hao wako waliokuwa wateja wangu. Walinionyesha picha za Danube wasijue kwamba ni mimi niliyewapeleka.

Mnataka ushauri, basi huu hapa. Tazameni mto kabla ya meli. Someni herufi ndogo. Mwezi wa nne msimuuzie mtu siku moja ambayo anaitegemea kwa maisha yake yote, na kama ni hiyo tu aliyo nayo, muuzieni, kwa sababu mimi ningemuuzia tena. Sina mwingine. Nimeyapindua mambo haya miaka yote nikitafuta mahali pale ambapo mpangaji hodari zaidi yangu angefanya vingine, na sijapaona. Kampuni haikufanya kosa. Kapteni hakufanya kosa. Mimi niliwasogeza dada wawili mpaka wakashikana mikono, na nikashuhudia.

Mwezi uliopita nilikwenda Shard End kumjulia hali. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Huniuliza swali moja kila tukikaa wawili, na siku hiyo aliniuliza tena: "Mama Wakio, kama singetoa mukono, angebakia?"

Zamani nilikuwa namfariji. Nilimwambia Bahati alikuwa ameshaamua kuondoka, kwamba mtu aliyebeba siri kama ile akishaitua hawezi kukaa mahali pale pale. Hakuniamini, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa naamini. Siku hizi namwambia sijui. Anaitikia kwa kichwa, ananiongezea chai.

Namba yake ya simu ni ile ile aliyokuwa nayo wakati huo. Amebadilisha simu mara nyingi, namba hajaibadilisha, na haizimi. Ikiita na namba asiyoijua anaacha kila kitu. Mmemwona Jumapili, katikati ya mahubiri, anakanyaga watu miguu akikimbilia mlangoni, ameshika simu kwa mikono miwili, na baada ya muda anarudi, anakaa. Kwa kawaida ni mtu anayeuza bima. Nyinyi mnaoketi nyuma mnacheka.

Ndiyo sababu nilikubali kuja.